Bwaki: Safari ya Jina la Ugonjwa kutoka Kwango hadi Bukavu

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Bukavu, mama anapompeleka zahanati mtoto aliyevimba miguu na uso, aliyenyong'onyea, na ambaye nywele zake zimeacha weusi wake na kuwa nyekundu, husema kwa ufupi: "Mutoto iko na bwaki." Muuguzi humwelewa mara moja, na jirani aliye kwenye foleni humwelewa vilevile. Hali kadhalika, mtu akivuka mto Ruzizi na kuingia Rwanda atalikuta neno hilohilo katika Kinyarwanda, likiwa na maana hiyohiyo. Lakini mwanafunzi aliyesomea Kiswahili sanifu katika vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi hatalitambua kwa urahisi. Yeye amefundishwa unyafuzi, au kwashakoo, au kwa upana zaidi utapiamlo.

Tofauti hii inaweza kuonekana kuwa ni jambo dogo la lahaja, mfano wa kisawe kimoja zaidi cha kuongezwa katika kamusi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Jina la ugonjwa si lebo tupu inayobandikwa juu ya kitu. Ndani ya jina mna maoni kuhusu ugonjwa, na mara nyingi mna hukumu juu ya nani wa kulaumiwa. Tutaanza kwa kueleza ugonjwa wenyewe, kisha tutayalinganisha majina yake kadhaa katika lugha za Afrika. Baada ya hapo tutafuatilia asili ya neno bwaki na njia lililopitia hadi kufika Kivu ya Kusini. Mwishoni tutauliza neno hili lina faida gani leo, wakati ambapo vipeperushi vya afya vinavyosomwa Bukavu huandikwa kwa Kiswahili kinachozidi kufanana na kile cha mashariki.

2. Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa unaozungumziwa huwapata hasa watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka minne, yaani wakati wa kuachishwa kunyonya na baada ya hapo. Dalili zake zinajulikana. Miguu huvimba, na ukiibonyeza kwa kidole gumba alama ya kidole hubaki imedidimia. Uso hujaa. Ngozi hubadilika rangi, hupasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta uliozeeka. Nywele huwa laini, chache na nyekundu, na hung'oka bila maumivu. Ini hujaa mafuta. Aidha mtoto hupoteza hamu ya kula na ya kucheza, akawa mtu wa kulialia na kukaa alipowekwa.

Hapana budi kuutofautisha ugonjwa huu na kukonda kwa njaa, ambako madaktari hukuita marasmus. Mtoto wa marasmus ni mifupa na ngozi. Hata mpita njia huiona njaa yake. Mtoto wa bwaki, kinyume chake, anaweza kuonekana amenenepa, kwa sababu maji yaliyojaa mwilini huficha upungufu wa nyama. Mizani humdanganya mpimaji, na wakati mwingine hata utepe wa kupimia mzunguko wa mkono humdanganya. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani huhesabu dalili ya kuvimba miguu yote miwili peke yake kuwa ni utapiamlo mkali, hata kama mkono wa mtoto umezidi kipimo cha milimita 115. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa ndilo linalolipa neno bwaki thamani yake.

3. Majina yanayotaja chanzo

Jina lililoenea duniani kote ni kwashiorkor, ambalo Kiswahili cha shule hulitamka kwashakoo. Asili yake ni lugha ya Kiga, inayosemwa Accra na kando ya pwani ya Ghana. Liliingizwa katika vitabu vya tiba na Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika mwaka 1893 na kufanya kazi katika koloni la Gold Coast. Mwaka 1933 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo bila kuupa jina la Kiafrika. Mwaka 1935, katika jarida la Lancet, alilitumia jina alilolisikia kwa kina mama na wauguzi, akaeleza kuwa ni ugonjwa anaoupata mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Kwa hiyo jina la Kiga halisemi lolote kuhusu nywele, ngozi wala uvimbe. Linataja tukio la kifamilia: mimba mpya imekuja, ziwa limekwenda kwa mwingine.

Wazo kama hilo linapatikana mbali na Accra. Katika Buganda, madaktari wa hospitali ya Mulago waliosikiliza maelezo ya kina mama walikutana na neno obwosi, linalohusisha ugonjwa wa mtoto na mimba ya mama yake. Katika Kiswahili cha pwani na cha bara la Tanzania kuna kitenzi cha kale, kubemenda. Mtoto "aliyebemendwa" ni yule aliyedhoofika kwa sababu wazazi, kwa imani ya wenyewe, wamevunja mwiko wa kukutana kimwili kabla hajaacha kunyonya. Hapa jina limepita tukio na kufika kwenye kosa. Anayesema kwamba mtoto amebemendwa hajataja dalili hata moja, ila amekwisha kutoa hukumu, na mara nyingi anayehukumiwa ni mama.

Maneno ya Kiswahili cha kisasa hayakuepuka kabisa mwelekeo huo. Utapiamlo ni neno lililobeba mlo ndani yake; linatuelekeza jikoni. Lina heshima kuliko kubemenda, na linafaa sana kwa kuzungumzia lishe ya taifa zima. Hata hivyo nalo ni jina linalotaja chanzo: limekwisha kuamua kwamba tatizo ni chakula, na aliyepika ni nani kila mtu anamjua.

Hatusemi kwamba majina haya ni ya makosa. Mama wa Kiga na mama wa Kiganda walikuwa wameona jambo la kweli. Mtoto anayeachishwa kunyonya mapema katika nyumba isiyo na maziwa, mayai wala samaki huingia hatarini, na kuwapanga watoto kwa nafasi ya miaka kadhaa ni kinga. Tunalosema ni kwamba kila jina linachagua upande mmoja wa ugonjwa na kuuacha upande mwingine gizani.

4. Buaki ya Kwango, 1938

Tuje sasa kwenye bwaki. Ili kuipata asili yake inatubidi tuondoke kwenye milima ya Kivu na kwenda upande wa pili wa Kongo, katika nchi ya Kwango, kusini-mashariki mwa Kinshasa, kuelekea mpaka wa Angola. Mwaka 1930 Wabelgiji walianzisha mfuko wa tiba uliopewa jina la Malkia Elisabeth, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa FOREAMI, kwa ajili ya kupeleka huduma za afya vijijini, jimbo baada ya jimbo. Mfuko huo ulifanya kazi katika Kongo ya Chini na baadaye Kwango. Kiongozi wake alikuwa daktari Giovanni Trolli.

Mwaka 1938 Trolli alichapisha mjini Brussels muhtasari wa uchunguzi uliofanywa Kwango kuhusu magonjwa mawili ambayo chanzo chake hakikujulikana wakati huo. La kwanza lilikuwa ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafula, ambao wenyeji waliuita konzo. La pili lilikuwa ugonjwa wa watoto wenye uvimbe na mabadiliko ya rangi ya mwili, ambao wenyeji waliuita buaki, au mbuaki kama lilivyoandikwa pengine. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia jina la mbuaki lilikuwa limekwisha kuingia pia katika maandishi ya madaktari kuhusu Kasai.

Maana ya neno hilo haina fumbo kwa mtu anayejua lugha za magharibi mwa Kongo. Katika Kikongo, na vilevile katika Kikongo cha serikali kinachozungumzwa Kwango, mbwaki ni rangi nyekundu, na kitenzi bwaka ni kuwa mwekundu, kama tunda linavyoiva. Herufi u na w hapa ni tofauti ya tahajia tu: mwandishi wa Kifaransa aliandika buaki pale ambapo mwandishi wa lugha za Kibantu angeandika bwaki. Kwa hiyo buaki ni "wekundu", ugonjwa wa kuwa mwekundu. Inafaa kukumbuka kwamba madaktari Wafaransa wa Kamerun nao, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walizungumzia "watoto wekundu". Macho ya mzazi na macho ya daktari yalivutwa na kitu kilekile.

Magonjwa haya mawili yalipata bahati tofauti. Jina la konzo, ambalo katika Kiyaka lina maana ya miguu iliyofungwa, lilisahaulika kwa miaka mingi, kisha likafufuka. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulizuka Tarime, kaskazini mwa Tanzania, wakati wa ukame. Watafiti waliouchunguza huko, Msumbiji na Kongo waliuhusisha na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, nao wakalichukua jina la Kiyaka kuwa jina rasmi. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya kuutambua ugonjwa huo kwa jina hilohilo. Buaki, kwa upande wake, ilishindwa na neno la Kiga katika vitabu. Baada ya J. F. Brock na M. Autret kuchapisha mwaka 1952 ripoti yao ya safari katika nchi nyingi za Afrika, kwa niaba ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, hapakuwa tena na ubishi: jina la kimataifa lilikuwa kwashiorkor. Lakini lile lililokufa katika vitabu liliendelea kuishi vinywani mwa watu, tena si Kwango tu bali Bukavu na Rwanda, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kwango.

5. Njia ya kuelekea mashariki

Je, bwaki ya Bukavu ni ileile buaki ya Kwango, au ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati? Maoni yetu ni kwamba ni neno moja lililosafiri, na hoja zetu ni tatu.

Hoja ya kwanza ni umbo na maana kwa pamoja. Kufanana kwa umbo pekee si ushahidi katika lugha za Kibantu, ambazo zote ni ndugu. Lakini hapa tuna neno lenye silabi zilezile, linalotaja ugonjwa uleule wa watoto, katika koloni moja.

Hoja ya pili ni ya kihistoria. Kwango, Kivu na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Madaktari walisoma ripoti zilezile, na wauguzi Waafrika walipata mafunzo kwa lugha ya Kifaransa kwa mtaala mmoja, wakahamishwa kutoka kituo hadi kituo. Mpaka ambao neno halikuuvuka kwa nguvu ni ule wa koloni la Mwingereza: Uganda ilibaki na obwosi, na Tanganyika ilibaki na kubemenda na baadaye unyafuzi. Neno linaloenea kwa kufuata ramani ya utawala wa tiba, badala ya kufuata ramani ya koo na masoko, huenda lilienezwa na utawala huo wa tiba.

Hoja ya tatu ni ya sarufi. Katika Kinyarwanda nomino za asili kwa kawaida huwa na irabu ya kutangulia: ndui, kwa mfano, huitwa ubushita. Kama bwaki lingekuwa nomino ya kawaida ya ngeli hiyo tungetazamia ubwaki. Lakini Wanyarwanda husema kurwara bwaki, bila irabu, kama wanavyosema kurwara malariya na kurwara kolera, ambayo ni maneno ya kigeni. Hoja hii pekee haitoshi, kwa kuwa macinya, yaani ugonjwa wa kuhara damu, nalo halina irabu hiyo, na si la kigeni. Ikichukuliwa pamoja na hoja mbili za kwanza, hata hivyo, inaongeza uzito upande uleule.

Upande wa Kiswahili cha Bukavu neno lilipokewa bila taabu yoyote, na sababu yake ni dhahiri. Pale ambapo Kiswahili sanifu kina kiambishi u- katika nomino za dhana, Kiswahili cha mashariki mwa Kongo mara nyingi kina bu-, kwa kufuata lugha za jirani. Unga ni bunga, na ugali ni bugali. Sikio la msemaji wa Bukavu lililisikia bwaki kama neno lenye bu- yake ya kawaida, likiwa tayari limevaa nguo za nyumbani. Leo hakuna anayelihisi kuwa ni mgeni. Wasemaji wengi wa Kimashi wangeshangaa kuambiwa kwamba neno hili huenda lilikuja kwa njia ya ripoti iliyopigwa chapa Brussels.

6. Bwaki katika nchi ya Bushi

Neno lilipata makao ya kudumu hapa kwa sababu ugonjwa ulikuwa na makao. Nyanda za juu zinazoizunguka Bukavu, yaani Kabare, Walungu na Kalehe, zina watu wengi na ardhi kidogo. Chakula cha kila siku ni muhogo, viazi vitamu, ndizi na maharage. Muhogo mbichi wa gramu 100 una takriban gramu moja tu ya protini. Ng'ombe walikuwapo, lakini ng'ombe katika Bushi alikuwa kwanza mali ya heshima na ya mikataba. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alilipata kwa mwenye ardhi kwa njia ya kalinzi, kwa kutoa ng'ombe. Asiyeweza kutoa ng'ombe alipewa shamba la muda tu, aliloweza kunyang'anywa. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka makubwa ya kugawa ardhi, na sehemu ya milima ikageuzwa mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Kwa hiyo ukosefu wa maziwa katika kikombe cha mtoto ulikuwa na historia ndefu kuliko umri wa mtoto mwenyewe, na ndefu kuliko kosa lolote la mama yake.

Mwaka 1947 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Leo makao hayo ni ya Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Hospitali ya watoto ya Lwiro ikawa mojawapo ya mahali palipochunguza sana ugonjwa huu katika Afrika. Daktari Henri Vis na wenzake wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels walifanya kazi huko Kivu na Rwanda kwa miaka mingi, wakipima chakula kinacholiwa nyumbani na damu ya watoto waliolazwa.

Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru na misukosuko ya uasi, wakazi wa Bukavu waliunda kamati ya kupambana na ugonjwa huo. Hawakuita kamati yao kwa neno la Kiga lililokuwa katika vitabu vya madaktari. Waliiita Comité Anti-Bwaki, yaani Kamati ya Kupambana na Bwaki, inayojulikana kwa herufi CAB. Baadaye kazi ya kamati hiyo ilipanuka kutoka kuwalisha watoto hadi kilimo, maji na maendeleo ya vijiji. Upanuzi huo wenyewe ni aina ya tafsiri ya neno: waliotaka kupigana na bwaki waligundua kwamba adui haishi kwenye sufuria peke yake. Inafaa kulinganisha na Kampala, ambako kliniki iliyoanzishwa Mulago mwaka 1965 iliitwa Mwanamugimu, jina lililotolewa katika methali ya Kiganda kuhusu mtoto mwenye afya. Kampala walichagua kuitaja afya, na Bukavu walichagua kuutaja ugonjwa. Pande zote mbili zilitambua kwamba mapambano yanahitaji jina ambalo mama analielewa.

Yaliyofuata yanajulikana. Wakimbizi wa mwaka 1994, vita vya 1996 na 1998, uporaji wa ng'ombe, na kutekwa kwa Bukavu mwezi Februari 2025 vyote vimewasukuma watu mbali na mashamba yao. Ugonjwa haujaondoka. Watafiti wa Bukavu na Brussels waliwatafuta watu wazima waliotibiwa Lwiro utotoni kati ya mwaka 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji vilevile. Waliwakuta wafupi zaidi kwa kimo, na masomo yao yalikuwa yamewaendea vibaya zaidi. Bwaki inapopona huacha deni.

7. Sayansi inapobadilika, jina hubaki

Hapa tunaifikia hoja kuu ya makala haya. Majina yanayotaja chanzo yanategemea chanzo kibaki kilekile. Sayansi ya ugonjwa huu haikutulia hata mara moja.

Mapema, daktari Hugh Stannus alimpinga Cicely Williams kwa kudai kwamba aliyoyaona yalikuwa pelagra tu, ugonjwa wa upungufu wa vitamini. Baadaye wazo la upungufu wa protini lilishinda, na katika miaka ya 1950 mashirika ya kimataifa yalisambaza maziwa ya unga. Mwaka 1968 C. Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto waliovimba na watoto waliokonda walikuwa wamekula vyakula visivyotofautiana. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia ilikuwa imeikuza protini kupita kiasi na kuisahau njaa yenyewe. Baadaye wengine walielekeza macho kwenye upungufu wa vikinga vinavyoulinda mwili dhidi ya sumu zake wenyewe. Mwaka 2013 utafiti uliofanywa Malawi kwa mapacha, ambao mmoja aliugua na mwenzake hakuugua ingawa walikula chungu kimoja, ulionyesha kwamba vijidudu vya utumbo navyo vina sehemu yao. Hadi leo hakuna jibu moja linalokubaliwa na wote juu ya kwa nini njaa humvimbisha huyu na kumkondesha yule.

Katika mabadiliko hayo yote, anayesema "ameondolewa na mdogo wake", au "amebemendwa", au hata "hakulishwa vizuri", analazimika kujisahihisha. Mapacha wa Malawi hawakuondolewa na mdogo wao, na mama yao hakumpendelea mmoja wao. Lakini anayesema bwaki hana la kujisahihisha. Yeye amesema tu kwamba mtoto amekuwa mwekundu. Jina la dalili halizeeki kwa haraka, kwa sababu halikuahidi kueleza zaidi ya kinachoonekana.

Faida ya pili ni ya vitendo, na ni nzito zaidi. Tumesema kwamba mizani na utepe wa mkono huweza kumdanganya mpimaji. Nchi ya Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo utapiamlo wa kuvimba huonekana kwa wingi zaidi. Mtoto wa namna hiyo akipita mbele ya mhudumu wa afya aliyefundishwa kutafuta "utapiamlo" kwa maana ya kukonda, anaweza kurudishwa nyumbani akiwa na mashavu yaliyojaa na siku chache za kuishi. Mama anayejua bwaki hatafuti kukonda. Anatazama nywele, anatazama ngozi, anabonyeza mguu. Ndani ya neno lake mmo kipimo kisichohitaji betri wala utepe.

Vipeperushi na mafunzo yanayotolewa Bukavu siku hizi huelekea kulitumia neno utapiamlo peke yake, pamoja na kifupi cha Kifaransa MAS, kinachojumlisha waliokonda na waliovimba. Kwa takwimu na kwa matibabu ujumlishaji huo una sababu zake. Kwa mama kijijini, hata hivyo, ni maneno mawili yanayofundisha jambo moja pungufu ya lile alilokwisha kulijua. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, msukumo wa kukifananisha Kiswahili cha Kivu na kile cha majirani umeongezeka, nasi wapenzi wa lugha tunaufurahia. Furaha hiyo isitufanye tulione kila neno la Bukavu kuwa ni kosa linalongoja kusahihishwa.

Ni kweli kwamba bwaki nalo lina upande wake wa giza. Ni neno la aibu. Mtu akimwambia mwenzake kwamba ana bwaki amemtukana, na kuna kina mama wanaomfunika mtoto kichwa ili nywele zisionekane. Lakini aibu hiyo imetokana na umaskini ambao dalili inaufichua. Haikutokana na maana ya neno lenyewe. Dawa yake si kulifuta neno. Neno jipya likipewa kazi ileile katika umaskini uleule litaivaa aibu ileile baada ya miaka michache.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba bwaki ni neno lenye asili ya magharibi mwa Kongo, lenye maana ya wekundu, lililoandikwa katika tiba ya Kibelgiji mwaka 1938, na ambalo kwa maoni yetu lilifika Kivu na Rwanda kwa njia ya huduma za afya za utawala huo, likapokewa kwa urahisi na Kiswahili chenye kiambishi bu-. Tumeonyesha pia kwamba linatofautiana na kwashiorkor, obwosi, kubemenda na utapiamlo kwa jambo moja la msingi: halimtaji mkosaji, linataja dalili.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, watunzi wa kamusi za Kiswahili waliingize bwaki kama kidahizo kamili, pamoja na maelezo ya eneo linapotumika, badala ya kuliacha nje kama neno la mitaani. Pili, wanaoandika matangazo ya afya kwa ajili ya Kivu ya Kusini waliandike neno hili waziwazi karibu na utapiamlo, na wazitaje dalili zake.

Ndugu wa safari ya bwaki, lile neno konzo, nalo limefika. Ugonjwa wa konzo umeonekana Burhinyi, katika wilaya ya Mwenga, miongoni mwa watu ambao vita viliwaachia muhogo mchungu na wakati mfupi wa kuuloweka. Maneno mawili yaliyokaa katika kitabu kimoja mwaka 1938 yamekutana tena katika mkoa mmoja, na yote mawili yanataja kile kinachoonekana katika mwili wa maskini: miguu iliyofungwa na nywele zilizoiva kabla ya wakati. Mwanafunzi wa lugha anayeyakusanya maneno kama haya anamsaidia daktari, kwa kuwa mgonjwa husikilizwa kwanza kwa lugha yake.